Kompyuta nzito? Anza na vumbi kabla ya kwenda kwa fundi

Kompyuta ikianza kuganda, wengi huamua kwamba imezeeka, wakaanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Kwa familia nyingi fedha hizo ni ada ya shule au kodi ya miezi kadhaa. Kabla ya kuzitoa, kagua mambo matatu: joto, programu zilizorundikana na diski.

Joto ndilo linalosahaulika zaidi. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mtumiaji huona mashine imechoka, kumbe inajiokoa. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Ukisikia feni inavuma kwa nguvu lakini hewa inayotoka ni hafifu, vumbi limeziba njia. Zima mashine, chomoa chaja, kisha safisha matundu kwa brashi laini na kavu. Ukifungua kifuniko, shikilia mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza vumbi. Na uache kuitumia juu ya godoro, kwa sababu shuka huziba matundu ya chini.

Jambo la pili ni programu zilizorundikana; anza kwa kuiwasha kompyuta upya ipasavyo. Katika Windows 10 na 11, kompyuta nyingi zinapozimwa huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho ziwake haraka. Hitilafu iliyokuwemo nayo inaweza kuhifadhiwa. Ndiyo maana mtu huzima kila usiku na tatizo likabaki palepale. Bonyeza “Restart” badala ya “Shut down”, mfumo uanze upya kabisa. Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu ipi inayokula RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Zile zinazojiwasha zenyewe bila kazi, zizuie. Ya kuzuia virusi iache, ila iwe moja tu, kwani mbili hugombana na kuilemea mashine.

Tatu, diski. Iliyojaa pomoni huukosesha mfumo nafasi ya kufanyia kazi, kwa hiyo hamisha video na picha. Kama ni diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD ndiyo gharama yenye faida kuliko zote: mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa sekunde chache. Ukisikia diski inagonga-gonga, acha yote, nakili mafaili yako kwanza.

   

Yapo ya kumwachia fundi: betri iliyovimba, harufu ya kuungua, mashine iliyomwagikiwa maji.  

Aliyekwisha kukagua haya humweleza fundi kwa uhakika: feni ni safi, RAM haijajaa, diski inagonga. Fundi huanzia hapo, na mteja hulipia kilichoharibika tu.