Udongo Uliotoa Ushahidi: Uwanja wa Vita wa Little Bighorn

Katika jimbo la Montana, nchini Marekani, vipo vilima vya nyasi vinavyoutazama mto Little Bighorn. Hapo, tarehe 25 Juni, 1876, Luteni Kanali George Custer na askari wapatao 210 wa kundi lake waliuawa na wapiganaji wa Lakota, Cheyenne na Arapaho waliokuwa wakiitetea kambi yao. Leo uwanja huo ni hifadhi ya taifa. Mgeni huonyeshwa mnara wa mawe uliosimamishwa mwaka 1881, na mawe meupe ya marumaru yaliyowekwa nyasini mwaka 1890 kuonyesha walipoangukia askari.

Je, vita hivyo vilikwendaje? Katika kundi lililopigana na Custer mpaka mwisho hakusalimika askari wa kusimulia. Wenyeji walioshiriki walieleza kwamba safu za askari zilivunjika upesi, lakini maelezo yao yalidharauliwa. Badala yake ilienea hadithi ya askari waliosimama imara hadi risasi ya mwisho.

Mnamo Agosti 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja huo, na ardhi ikawa wazi. Mwaka uliofuata wataalamu wa mambo ya kale, wakisaidiwa na watu wa kujitolea, waliipita ardhi hiyo kwa mistari, wakitumia vyombo vinavyolia vinapokaribia madini. Kila kilichopatikana kiliwekewa alama na mahali pake pakaandikwa katika ramani.

Bunduki inapofyatuliwa, ncha ya chuma hugonga kitako cha risasi na kuacha kovu. Kovu hilo hutofautiana kati ya bunduki na bunduki, mithili ya alama za vidole. Kwa hiyo maganda yenye kovu moja, yakipatikana mahali mbalimbali, huonyesha njia aliyopita mwenye silaha.

Uchunguzi ulidhihirisha kuwa wapiganaji wengi walikuwa na bunduki za kufyatua mfululizo, hali askari walitumia bunduki za kushindiliwa risasi moja moja. Aidha, pale askari walipofia, maganda ya risasi zao yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa. Udongo uliunga mkono maneno ya wazee wa Lakota na Cheyenne.

Hifadhi nayo ilibadilika. Mwaka 1991 jina la Custer liliondolewa katika jina lake. Kuanzia 1999 yaliwekwa mawe mekundu ya kuwakumbuka wapiganaji wenyeji. Na mwaka 2003 ukumbusho wao ulizinduliwa rasmi.

Mgeni haruhusiwa kuokota hata ganda moja. Katazo hilo lina maana: ganda likiwa mahali pake ni shahidi, likitiwa mfukoni ni kipande cha madini tu.