Kabla hujaifuata Simba Kirumba, soma umri wa tairi

SHABIKI wa Somanda hana uwanja wa Ligi Kuu mlangoni kwake. Tangu Pamba Jiji ilipopanda daraja mwaka 2024, Simba au Yanga ikija Kanda ya Ziwa safari ya wengi imekuwa Bariadi, Lamadi, Magu, halafu Mwanza, CCM Kirumba. Simiyu tunalima pamba, Mwanza wanaicheza. Ndivyo tulivyogawana.

Wengi wanapanda basi. Lakini kila kijiwe kina mshikaji mmoja mwenye Altezza, na wiki ya mechi simu yake haipumziki. Watu wanne wanachanga mafuta, bendera inatolewa dirishani, gari linaondoka alfajiri. Njia nzima stori ni kikosi: nani anaanza, nani ana kadi, kocha atapanga mabeki wangapi. Hakuna anayeinama kutazama yale matairi manne yaliyobeba roho za watu wote waliomo ndani.

Altezza ni mkongwe. Toyota waliianza mwaka 1998 na kuachana nayo 2005, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshatimiza miaka 20. Kasi bado inayo. RS200 ya gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210 kwenye injini ya cc 2,000, na nguvu hiyo yote inasukuma magurudumu ya nyuma. Gari la hivyo ukilivalisha matairi ya kuokoteza, ni sawa na kumpa winga wa mbio viatu vilivyokwisha njumu, tena siku ya mvua.

TAIRI HALIDANGANYI UMRI

Kwenye soka letu kesi za umri hazijawahi kuisha. Mchezaji wa vijana ana ndevu, pasipoti inasema miaka 17. Tairi halina ujanja huo. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, zungukia ubavu wa pili, mara nyingi huwa upande mmoja tu.

Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe, hata kama kwa macho linaonekana zima. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Tairi la mtumba lina mifereji mirefu, limepakwa dawa linang'aa, jina lake kubwa la Kijapani, bei ya kirafiki. Kumbe mpira umekauka, una nyufa ndogo ndogo. Nikiwekewa mezani tairi jipya la Kichina lisilo na jina na la mtumba lenye jina kubwa na miaka tisa, nasajili la Kichina bila kikao. Jina halipigi breki.

Kuna mtego mwingine unaokuja na magari ya Japan. Geuza tairi utafute neno STUDLESS, au jina Blizzak. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili ushike barabara yenye barafu. Lami ya Bariadi saa nane mchana ina barafu gani? Joto linaufanya mpira huo ulegee zaidi, linauchakaza haraka, na ukikata kona kwa kasi gari linayumba kama beki aliyepigwa chenga. Kama gari lako lilikuja nayo, hayo ndiyo ya kwanza kutolewa.

Sasa saizi. RS200 nyingi zilikuja na 215/45R17. Namba ya katikati ndiyo ya kuangalia: ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake, yaani milimita 97 hivi tu kati ya rimu na lami. Kwenye barabara za Japan inapendeza. Kutoka Somanda hadi Lamadi ni lami, kilomita 72 hivi, lakini matuta ya vijijini yapo, mashimo yapo, na mtu akichepuka kumchukua mwenzake anakutana na mawe. Shimo moja usiku linatosha kupinda rimu au kulitoa tairi nundu ubavuni. Tairi lenye nundu halirekebishwi, nyuzi za ndani zimeshakatika.

Ushauri wangu, najua watoto wa mjini hawataupenda: shuka kwenye rimu ya inchi 16 uvalishe 205/55R16. Ubavu unapanda hadi milimita 113, wakati kimo cha gurudumu zima kinabadilika kwa milimita saba tu, kwa hiyo spidi mita haidanganyi kwa kiasi cha kukusumbua. Gari litapoteza mvuto kidogo pale stendi. Jaribu kwanza rimu moja mbele kuona kama inaipita breki, ndipo ulipie zote nne. Na namba ya uzito iliyo mwisho wa saizi isiwe chini ya ile ya awali. Kwa 215/45R17 ni 87, yaani kilo 545 kwa kila tairi. Mashabiki wanne na mabegi siyo mzigo mdogo.

Mkwanja ukitosha mawili tu? Nunua pacha, jina moja na mchoro mmoja, uyafunge nyuma. Mafundi wengi wana mazoea ya kuweka mapya mbele, usikubali. Nyuma ikiteleza kwenye maji, Altezza inageuka ikatazama ilikotoka, na dereva wa kawaida hairudishi. Mbele ikiteleza, ukiachia mafuta walau unabaki na nafasi.

Upepo pima asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa ya baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukipima Magu tairi limeshachemka na kipimo kimepanda. Ukipunguza pale, jioni unarudi na matairi yaliyolegea, na tairi lililolegea ndilo linalopata joto hadi likapasuka. Halafu fungua buti uguse tairi la spea. Mengi yana umri sawa na gari lenyewe.