Philip Omondi: Mfungaji wa Lugogo

Wazazi wengi wa Kampala huwapeleka watoto wao Lugogo kutazama kandanda katika uwanja uliopewa jina la Omondi. Mtoto akiuliza Omondi ni nani, yafaa apewe jibu kamili.

Philip Omondi alizaliwa mwaka 1957. Jina lake ni la Kijaluo, nalo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri. Sifa zake alizipata katika KCC, timu iliyoanzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa idara ya maji machafu ya Halmashauri ya Jiji la Kampala. Basi timu hiyo haikuzaliwa katika majumba ya matajiri, bali katika jasho la watu wa kazi. Pamoja na Omondi, KCC ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1978 ikawa timu ya kwanza ya Uganda kutwaa kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati.

Mwezi Machi mwaka huo huo, timu ya taifa ilikwenda Ghana kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwalimu alikuwa Peter Okee na nahodha Jimmy Kirunda. Uganda iliifunga Kongo mabao 3 kwa 1, kisha ikaichapa Morocco, iliyokuwa bingwa mtetezi, mabao 3 kwa bila. Katika nusu fainali dhidi ya Nigeria, hali ilipokuwa bao 1 kwa 1, Omondi alifunga bao la ushindi. Fainali ilichezwa Accra, na Ghana ikashinda mabao 2 kwa bila, yote mawili yakifungwa na Opoku Afriyie. Hata hivyo Omondi alirejea akiwa na mabao 3, sawa na Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria; hakuna aliyewapita.

Hayo yalitendeka chini ya utawala wa Idi Amin, wakati nyumba nyingi zilikuwa na msiba. Aprili 1979 utawala huo ulianguka kwa vita. Omondi alikwenda kucheza Sharjah, katika Falme za Kiarabu, kisha akarudi KCC. Baada ya kuacha kucheza aliifundisha timu hiyo hiyo iliyomkuza. Alifariki mwaka 1999, akiwa bado na umri wa kufundisha vijana wengi.

Uganda haikuonekana tena katika mashindano hayo hadi mwaka 2017, kule Gabon. Miaka 39 ni umri wa mtu mzima mwenye watoto. Omondi hakuuona mwisho wa ngoja hiyo.

Jina juu ya lango halisemi lenyewe; husemewa na wanaokumbuka. Mzee aliyesikiliza fainali ile redioni na awasimulie wajukuu wake leo, kwa maana kumbukumbu isiyosimuliwa huzikwa pamoja na mwenyewe.