Maji Moto Wasiuawe Ovyo

Mwenye minazi wa Pwani huiona hasara yake chini ya mti. Vidaka vimeanguka kabla havijawa vitale, vingi kuliko ilivyo desturi ya mnazi kupukutisha. Na vile vilivyosalia juu huja kuwa nazi zilizopindika, zenye ulimbo uliokaukia kwenye makumbi. Kutoka Mapinga hadi Kaole, na ng'ambo huko Unguja na Mafia, wako wakulima wanaodhani hiyo ni kazi ya jua au uchovu wa ardhi. Mara nyingi sivyo.

Mharibifu ni mdudu wa jamii ya kunguni, wa rangi ya hudhurungi, asiyezidi sana sentimita moja kwa urefu. Wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Hudunga kidaka changa kwa mdomo wake na kukifyonza, na wachache tu wanatosha kuutia hasara mnazi mzima. Jina hilo la pili linatokana na M. J. Way, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya utafiti wake Zanzibar na kuuchapisha mwaka 1953. Alionyesha kwamba pale maji moto walipoutawala mnazi, kunguni huyo hakustawi.

Maji moto hawahitaji kuelezwa kwa mtu wa Pwani. Kila aliyepanda mwembe utotoni anawajua, na viota vyao vya majani yaliyoshonwa kwa nyuzi anavijua vilevile. Huzunguka mchana na usiku, wakamata kila mdudu wanayemweza na kuwafukuza wengine. Wachina waliwatumia ndugu zao katika michungwa yapata miaka 1,700 iliyopita. Kwetu, Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, uliendeleza uchunguzi huo, na kituo chake cha Chambezi kilikuwa papa hapa wilayani Bagamoyo.

Basi kwa nini maji moto hawajaenea katika kila shamba? Wanao adui wawili.

Wa kwanza ni sisimizi mwingine, mdogo, mwenye askari wa vichwa vikubwa, akaaye ardhini penye shina la mnazi. Huyo huwapiga vita maji moto hadi wakahama, lakini kunguni hamshughulikii ipasavyo. Na hapa tuna neno kwa mabwana shamba wetu. Kwa miaka mingi shamba lililosifiwa ni lile lililopaliliwa likawa jeupe kama uwanja wa mpira. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar na bara umeonyesha kuwa ardhi tupu ndiyo impendezayo sisimizi huyo, na kwamba majani yakiachwa kiasi chini ya minazi maji moto hupata nafuu. Hatusemi pori liachwe. Yafyekwe, yasing'olewe yote. Na katikati ya minazi ipandwe michungwa, miembe na mikorosho, miti ambayo maji moto huipenda.

Adui wa pili ni sisi wenyewe. Mkwezi hulipwa kwa minazi aliyoipanda, naye akikuta maji moto juu huumwa mpaka machoni, hali mikono yake yote miwili imeushika mti. Hatumlaumu akivichoma viota. Lakini mwenye shamba anayemwamuru avichome, kisha akalalamika msimu ujao kwamba vidaka vimekwisha, huyo tunamlaumu. Amwongezee mkwezi ujira kwa kila mnazi wenye maji moto. Fedha hiyo itarudi katika nazi. Wachumaji wa nchi nyingine hujipaka majivu mikononi na miguuni, na majivu hayanunuliwi dukani.

Dawa za kunyunyiza hatuzioni kuwa njia kwa mkulima mdogo. Ni ghali, mnazi mrefu haufikiki kwa bomba la mgongoni, na sumu hiyo humwua mlinzi pamoja na mwizi. Ni kweli pia kwamba maji moto huwafuga wadudu fulani wafyonzao majani ili kupata utamu wao, nao hawaponyi maradhi yanayoua minazi yenyewe. Hata hivyo kwa vidaka hatujaona mlinzi wa bei nafuu kuliko wao.

Tunaziomba halmashauri za Bagamoyo na Mafia, na wenzao wa Unguja, wawafunze kwanza wakwezi, kabla ya wenye mashamba, jinsi ya kuvikwepa viota hivyo.