Upau Usiojua Kitu

Sikilizeni, wanangu. Juu ya kioo cha kompyuta hukaa upau mwembamba, nao haujui lolote. Haujui ni saa ngapi, haujui betri imebaki kiasi gani, haujui kama intaneti ipo. Hata hivyo, kila ukiutazama unakujibu hayo yote. Majibu unayatoa wapi?

Mwaka 2009 Mjerumani Michael Stapelberg alitoa i3, programu ya kupanga madirisha kwenye kompyuta za Linux. Humo dirisha halifuniki lenzake. La kwanza hujaza kioo chote. Likija la pili yanagawana nusu kwa nusu. Likija la tatu yote yanajibana. Unahama kutoka moja hadi jingine kwa vitufe tu, bila kugusa kipanya. Nafasi yote ni ya kazi, kwa hiyo habari ndogondogo zikawekwa kwenye upau. Mmoja unaopendwa sana huitwa Polybar.

Polybar imeundwa kwa moduli, na kila moduli ina swali lake. Ya betri huuliza: imebaki asilimia ngapi? Linux huweka hali ya vifaa vyake mahali panaposomeka kama faili, na kwenye kompyuta mpakato nyingi namba hiyo imo hapa: /sys/class/power_supply/BAT0/capacity. Fungua faili hilo mwenyewe. Utakuta namba tupu, labda 73, basi. Moduli husoma mafaili yaliyo hapo hapo, hupata namba hiyo, huongeza alama ya asilimia, huipeleka juu. Ndiyo maana naipenda Linux: unachosoma upau, nawe unaweza kukisoma.

Moduli hupangwa katika faili la mipangilio kwa mistari mitatu: modules-left, modules-center na modules-right, yaani kushoto, katikati na kulia. Futa jina, moduli inatoweka. Lihamishe, nayo inahama. Anayeanza hutaka kujaza kila kitu, joto la prosesa na kasi ya intaneti na mengine tele. Mimi nasema weka kile tu ambacho ukikiona utafanya jambo. Betri ikifika asilimia 10, utatafuta chaja.

Sasa utamu wenyewe. Saa ya Polybar hufuata hesabu ya kizungu: saa moja asubuhi huandikwa 07:00. Sisi tunahesabu tangu alfajiri, na tofauti ni saa 6. Basi tuunde moduli yetu katika faili hilohilo la mipangilio, tuipe jina letu:

[module/saa]
type = custom/script
exec = TZ=UTC+3 date +%I:%M
interval = 10

Nairobi na Dar es Salaam ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Katika maandishi ya TZ alama ya kujumlisha hurudisha nyuma, kwa hiyo tumeiambia amri ya date ijione iko saa 3 nyuma. Tatu mbele na tatu nyuma ni sita! Kila baada ya sekunde 10 upau utauliza upya, na saa moja asubuhi utaandika 01:00. Ongeza neno saa kwenye modules-right, kisha washa upau upya.

Lakini 01:00 ni ya asubuhi au ya usiku? Hilo nawaachia ninyi. Badala ya %I wekeni %H: kuanzia 00 hadi 11 ni mchana, kuanzia 12 hadi 23 ni usiku. Kutoka hapo mnaweza kuandika programu fupi itakayotaja yenyewe neno linalofaa.