Mchuzi Peke Yake Haumjengi Mtoto



Sisi wa pwani tuna bahati ya kupata samaki na nazi. Changu au chewa akipikwa kwa tui, nyumba nzima hunukia. Lakini wakati wa kupakua, baba hupewa pande kubwa, mgeni naye hupewa lake, na mtoto mdogo humwagiwa mchuzi juu ya ugali. Kisha husemwa kwamba mtoto naye amekula samaki. Je, amekula kweli?

Hajala. Protini, yaani kile kinachojenga mwili, imo ndani ya nyama ya samaki. Gramu 100 za samaki mweupe zina protini karibu gramu 20. Mchuzi wa tui una mafuta ya kutia nguvu, lakini protini yake ni kidogo sana. Mtoto anayelishwa ugali na mchuzi kila siku hujaa tumbo, lakini mwili wake hukosa cha kujengea. Anaweza kudumaa na kupata utapiamlo. Ukiona miguu yake yote miwili imevimba, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje.

Pika hivi, ili kila mmoja apate haki yake:

1. Chagua samaki mbichi. Macho yawe maangavu, matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Samaki anayenuka usimnunue. Ndimu na bizari huficha harufu tu, haziondoi sumu.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Mpare samaki, mtoe matumbo na matamvua, mwoshe kwa maji safi, umkate mapande. Mtie chumvi yenye madini joto na ndimu kidogo.

3. Kuna nazi moja. Kamua tui zito, uliweke kando. Tia maji kwenye machicha, ukamue tena upate tui jepesi.

4. Chemsha tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na bizari mpaka nyanya zilainike.

5. Tia mapande ya samaki. Yaache yaive kwa moto mdogo kama dakika 10 hadi 15, mpaka nyama iachane na miiba. Usikoroge kwa mwiko, samaki atavurugika, tikisa sufuria.

6. Mimina tui zito. Likianza kuchemka, epua, lisije likakatika.

Sasa, kabla ya kutia pilipili, toa fungu la mtoto kwanza. Chambua nyama, uipapase kwa vidole mpaka uhakikishe hakuna mwiba hata mmoja. Iponde pamoja na mchuzi kidogo, uchanganye na ugali laini au wali. Ongeza mchicha au matembele yaliyopikwa. Mafuta ya tui huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika majani hayo. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula chakula hiki kikiwa kimepondwa vizuri, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mchuzi wa tui huchacha upesi. Uliwe siku hiyo hiyo.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Jina lile lilisema kweli. Ndugu baba, leo jioni sahani ikifika mbele yako, itazame kwanza ya mtoto. Ikiwa ina mchuzi mtupu, mmegee samaki. Wewe umekwisha kukua, yeye bado.