Mama Msafiri na Fedha Kidogo

Je, mama mwenzetu, umewahi kuingia mji wa watu usiku, mtoto ubavuni, tranka kichwani, na hujui utalala wapi? Sisi yametukuta.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Tulitoka Mkange akina mama watatu, tukiwapeleka binti zetu kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni upande wa pili wa Dar es Salaam. Kila mmoja wetu alikuwa amehesabu nauli ya kwenda na kurudi, basi. Gari tulilopanda lilichelewa kuondoka, kisha likaharibika kabla ya kufika Makurunge. Tulipoingia Bagamoyo ilikuwa saa nne usiku.

Kijana wa bodaboda alitupeleka kwenye gesti aliyoijua yeye. Ubavuni palikuwa na baa, na muziki ulilia hadi saa tisa. Mlango wa chumba haukuwa na komeo. Tuliegemeza matranka mlangoni, mabinti wakalala, sisi tukakesha. Asubuhi tulidaiwa zaidi ya tulivyokubaliana, na hatukuwa na risiti ya kujitetea. Fedha ya magodoro ikaishia pale. Binti zetu walianza shule wakilala kwenye magodoro ya kuazima, na hilo ndilo lililotuuma.

Tuliporudi nyumbani tuliulizana: kosa lilikuwa umaskini wetu, au kutokupanga kwetu?

Wapagazi walijua

Sisi wa pwani hii tusingepaswa kufundishwa habari za safari. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha kilo 30, akatembea miezi. Wanawake nao walikuwamo, wakiwa na vyungu vyao na watoto mgongoni. Watu wale hawakubahatisha. Kiongozi wa msafara alijua wapi pana maji, wapi pa kupiga kambi, na hongo kiasi gani italipwa kwa watemi wa njiani. Jengo la Caravan Serai lipo Bagamoyo hadi leo kutukumbusha.

Siku hizi utawaona hapo mjini vijana wa Kizungu wenye mabegi makubwa mgongoni. Usidhani wote ni matajiri. Wengi wamejizoeza kwao Ulaya kusafiri kwa fedha kidogo, wakilala kwenye hosteli za vijana. Hosteli hizo zina historia ya kugusa moyo. Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa matembezini na wanafunzi wake, mvua ya radi ikawakuta. Walipata hifadhi katika shule ya kijiji, wakalala hapo. Usiku ule mwalimu akawaza: kwa nini kila mahali pasiwe na kitanda cha bei nafuu kwa watoto walio safarini? Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya kale ya mji wa Altena.

Hata kabla yake, mwaka 1855, Mary Jane Kinnaird alifungua nyumba mjini London kwa ajili ya wauguzi waliokuwa wakienda na kurudi kutoka vita vya Krimea. Hiyo ni moja ya mizizi ya YWCA. Mama huyo aliona kwamba mwanamke aliye safarini anahitaji mlango unaofungika.

Kitanda hutafutwa kabla ya safari

Jambo la kwanza, basi, ni kujua utalala wapi kabla hujafunga mzigo. Dar es Salaam zipo nyumba za wageni za makanisa na vyama vya Kikristo ambazo zimepokea wasafiri kwa miaka mingi: Msimbazi Centre kule Ilala, Luther House jirani na Kanisa la Azania Front, na hosteli ya YWCA katikati ya mji. Piga simu mapema, maana vyumba hujaa, hasa shule zinapofunguliwa.

Ukilazimika kulala gesti, fanya hivi:

1. Fika mchana. Usiku huchagui, unachaguliwa.

2. Omba kuona chumba kabla ya kulipa. Jaribu kitasa na komeo, tazama chandarua kama kimetoboka, fungua bomba.

3. Uliza kama bei ni ya chumba au ya mtu, na kama chai ya asubuhi imo. Chumba chenye choo cha pamoja huwa nafuu kuliko chenye choo ndani.

4. Andika jina lako katika kitabu cha wageni, na udai risiti.

5. Chukua kanga mbili za ziada. Moja ni shuka, ya pili itakusitiri ukienda kuoga.

Njiani

Nauli huliwa na vitu vidogo. Panda gari stendi, wala usimpe fedha mpiga debe. Mlipe kondakta, upate tiketi. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, kwa hiyo unayo haki ya kuuliza ukiona umetozwa zaidi. Usisafirishe godoro kutoka kijijini kama linauzwa karibu na shule, maana mzigo nao hulipiwa. Funga mihogo ya kuchemsha, maandazi na chupa ya maji. Fedha iweke mahali pawili: ya njiani karibu, ya ada ndani kabisa. Na pamoja na nauli, tenga fedha ya usiku mmoja wa dharura. Usipoitumia, itarudi nyumbani.

Haya yote kaa na baba watoto myapange pamoja, kalamu mkononi, wiki mbili kabla. Safari ya mtoto isiwe siri ya mama peke yake.

Januari iliyofuata tulisafiri tena, watatu walewale na mabinti walewale. Tulitoka siku moja kabla, alfajiri. Kitanda kilikuwa kimekwisha kuombwa kwa simu, tukachangia vyumba na gharama. Jioni tulikula mihogo yetu tukiwa tumeketi kitandani, mlango umefungwa kwa ufunguo, na mabinti wakicheka. Asubuhi tulinunua magodoro matatu karibu na shule.

Fedha tuliyokuwa nayo haikuzidi sana ile ya mwaka wa kwanza. Ila safari hii tulilala usingizi.